KARATASI ZILIZOPITA TABORA

Una karatasi gani nyumbani kwako? Labda ni barua za marehemu baba. Labda ni daftari la nyimbo za manju wa ngoma. Mchwa wanaweza kulila daftari hilo katika masika moja. Lakini likitunzwa, wajukuu watalisoma.

Kwihara, mwaka 1872

Kwihara iko karibu na mji wa Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara. Mwaka 1872 Daktari Livingstone, msafiri kutoka Uskoti, alikaa hapo miezi kadhaa. Mwaka uliotangulia, akiwa Nyangwe huko Kongo, aliishiwa karatasi na wino. Hakuacha kuandika. Aliandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa mimea.

Jacob alijua kuandika

Livingstone alikufa mwezi Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao walifungua masanduku yake mbele ya watu wote. Walimwita Jacob Wainwright, kwa sababu alijua kuandika. Jacob aliorodhesha vitu vilivyokuwamo. Kisha walibeba maiti na mizigo, wakapita Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Maandishi ya kwenye magazeti yalififia sana. Lakini karatasi zenyewe zilitunzwa. Baadaye wataalamu walizimulika kwa taa za rangi mbalimbali, wakazipiga picha, wakayasoma. Karibu miaka 140 ilikuwa imepita!

Wa hapa kwetu

Hans Cory alikusanya habari za mila za Wasukuma na makabila mengine. Karatasi zake zimetunzwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini nyimbo za manju wa kijiji chako ziko wapi? Kama ziko kichwani mwake tu, siku akifa zitazikwa naye.

Fanya hivi

1. Mwombe mzee ruhusa, uandike maneno yake.
2. Andika jina lake, kijiji na mwaka.
3. Weka karatasi katika debe kavu lenye mfuniko.
4. Weka debe juu ya kichanja, mbali na mchwa, mvua na moshi.
5. Ondoa pini. Zikishika kutu huharibu karatasi.

Jacob alikuwa na kalamu tu, na elimu ya kuandika. Wewe nawe sasa unajua kuandika. Je, utaanza na mzee gani?