Tuseme Tungali na Sauti

Tumezoea kuhimizana kuandika wasia wa mali. Lakini wasia hunena baada ya kufa. Je, mtu angali hai, amelala kitandani wala hawezi kusema, nani atamsemea?

Hali hiyo twaijua. Mzee amepooza, hatambui watu. Mwana mmoja ataka ng'ombe wauzwe, baba apelekwe Bugando, Mwanza. Mwingine asema abaki hapa Mpanda. Binti aliyemwuguza tangu mwanzo haulizwi. Mzee hufariki, ugomvi hubaki. Neno la kuwapatanisha lilikuwa lake, naye hakuliacha.

Mzee Yakobo, huko Misri, hakungoja kukata kauli. Alimwita Yusufu, akamwapisha juu ya mahali pa kumzika.

Wako wanaohofu kwamba kuandika hivyo ni kujitakia kifo. Sivyo. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII aliwaeleza madaktari kwamba twawajibika kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, wala si zile zinazomtwika mgonjwa au jamaa zake mzigo usio wa kawaida. Basi kukataa tiba nzito isiyo na tumaini si kujiua. Lakini kumwua mgonjwa ni dhambi, na kumwacha bila usafi, faraja na dawa ya maumivu ni kumtupa.

Tuandike nini? Kwanza, jina la atakayetusemea, naye awe amekubali. Pili, tiba tunazozitaka, na zile tusizozitaka iwapo hakuna tumaini la kupona. Tatu, mahali tunapopenda kuuguziwa, na mchungaji, padre au shehe wa kuitwa. Tuweke tarehe na sahihi, au dole gumba, mbele ya mashahidi wawili. Nakala moja ikae nyumbani, moja kwa msemaji wetu, moja katika faili la hospitali. Tukibadili nia, tuandike upya na kuichana ya zamani.

Karatasi hiyo haichukui nafasi ya daktari, humwongoza. Wala haitoshi ikiwa imefichwa sandukuni. Jioni ya leo, baada ya chakula, tuwaketishe watoto wetu, tuwaambie. Tutakuwa tumewapunguzia mzigo siku ile ya machozi.

Mungu atujalie hekima hiyo. Amina.