Picha ya mugomba inasema shamba ni la nani

Wandugu wa koperative, musimu uliopita niliwaomba mupige picha za migomba yenye kunyauka na kunitumia. Zilisaidia sana. Ule mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi mwaka 2001, na mpaka leo hauna dawa: tunang'oa shina, tunavunja ua dume kwa kijiti chenye panda, tunapitisha panga kwenye moto. Kuujua mapema ndiyo nusu ya kazi.

Lakini kuna kitu sikuwaelezea, na kosa ni langu. GPS ikiwa wazi, telefone inaandika ndani ya picha mahali ulisimama. Mimi nikatuma yote kwa watafiti, majina na mashamba, na wao wakayaweka kwenye karte ya watu wote. Kisha siku kidogo, muchuuzi akakataa ndizi za mama mumoja: "Shamba lako liko kwenye karte." Na yeye alikuwa amekwisha kung'oa mashina yote yenye ugonjwa!

Tuliomba mashamba yafutwe, yakafutwa. Sasa majina yanabaki kwenye daftari ya koperative. Kinachotoka ni groupement, tarehe na hesabu ya mashina. Inatosha kuona ugonjwa unaelekea wapi.

Code du numérique ya 2023 inalinda habari za mutu. Mwenye anakuomba picha, aseme kwanza itafika kwa nani. Unaweza kukataa, na miche utapata tu. Karte mupya nitaileta kwenye mukutano ujao, tuiangalie pamoja mbele ya kuituma.