AMRI ZA MWILI: ASKARI NA AJUE HABARI ZA STEROIDI

Kabla tarumbeta ya alfajiri haijalia kambini, mwili wa askari umekwisha kupokea amri. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humimina katika damu homoni iitwayo kortisoli, ambayo huongeza sukari ya damu na kuutayarisha mwili kwa kazi za siku. Kortisoli ni ya ukoo mkubwa wa kemikali uitwao steroidi, na leo tumeona vema kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za ukoo huo.

Ukoo huu hutambulikana kwa umbo. Kiunzi chake ni pete nne za kaboni zilizoshikamana, tatu zenye pembe sita na moja yenye pembe tano. Jumla yake ni atomu 17 za kaboni. Juu ya kiunzi hicho hupachikwa vipande vidogo, na kipande kikibadilika, kazi nayo hubadilika. Kutokana na kolesteroli mwili hufanyiza kortisoli. Aldosteroni, izuiayo chumvi isipotee katika mkojo. Testosteroni, impayo mwanamume ndevu na misuli. Tena estrojeni na projesteroni, ziongozazo hedhi na mimba. Homoni hizi, kwa kuwa ni jamii ya mafuta, hupenya hadi ndani ya seli na kuziamuru jeni, ipi ifanye kazi na ipi inyamaze.

Wataalamu wameiga kortisoli, wakapata dawa kama prednisoloni na deksamethasoni, zitulizazo pumu na uvimbe. Mwaka 2020, katika janga la korona, uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa thuluthi moja hivi miongoni mwa wagonjwa waliopumulia mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu.

Hapa Kampala nako tumepata somo. Wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI, ambao kifua kikuu kilikuwa kimewajaza maji kandokando ya mapafu, walitibiwa kifua kikuu. 99 kati yao wakaongezewa prednisoloni, na 98 wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Waliopewa prednisoloni walikaukwa na maji upesi zaidi, lakini vifo havikupungua, na 6 miongoni mwao walipatwa na saratani ya Kaposi. Katika kundi la pili hakupatwa hata mmoja. Amri itulizayo uvimbe ndiyo hiyo hiyo iwalazayo walinzi wa mwili.

Basi ajihadhari askari anunuaye kwa siri dawa za kutunisha misuli. Ubongo ukiona testosteroni imezidi, huacha kuziamuru korodani. Nazo husinyaa, mbegu za uzazi zikapungua, na moyo huweza kudhurika. Aliyeandikiwa prednisoloni kwa muda mrefu naye asiiache ghafula, maana tezi zake zimelala na huhitaji muda wa kuamka. Kuiacha ghafula kwaweza kumwua.

Silaha haitoki ghalani bila idhini na bila kuandikwa daftarini. Steroidi nayo isiingie mwilini mwa askari bila idhini ya daktari.