Umepewa nyama ya kulungu? Soma kabla ya kumpikia mtoto

Msimu wa uwindaji unapofika hapa Marekani, kuanzia majira ya kupukutika majani, akina mama wengi hupewa nyama ya kulungu. Jirani anabisha hodi na mfuko uliogandishwa, mtu wa kanisani analeta paja zima, au pakiti inapatikana kwenye benki ya chakula, kwa sababu katika majimbo mengi wawindaji huchangia nyama. Kwenye pakiti utaona neno “deer” au “venison”. Kwa sisi tuliotoka Kongo, Burundi au Tanzania si chakula kigeni. Ni nyama ya porini, inakaribiana na ya swala. Ni nyama nzuri pia. Ina mafuta machache kuliko ya ng'ombe, ina protini na madini ya chuma kwa wingi, na hukuilipia kitu.

Lakini lipo swali ambalo usipouliza wewe, huenda hakuna atakayekuambia: mnyama huyu alipigwa na nini?

Risasi ndani ya nyama

Kiswahili kinatusaidia hapa. Risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi ni jina la metali yenyewe, ileile unayoisikia kliniki mtoto anapopimwa damu kwa sababu ya rangi za nyumba za zamani. Risasi nyingi za kuwindia bado hutengenezwa kwa metali hiyo. Ikigonga mnyama kwa kasi hupasuka vipande vidogo sana, vingine kama vumbi, navyo husambaa mbali. Wataalamu wa jimbo la Minnesota walipochunguza mwaka 2008, walikuta vipande hadi sentimita 45 kutoka njia iliyopita risasi.

Kwa hiyo kukata ile sehemu iliyovilia damu hakutoshi. Kuosha kunaweza kueneza vipande hadi kwenye nyama iliyokuwa safi. Moto hauviondoi. Wengi wetu tunaamini siki na limau “husafisha” nyama ya porini, lakini kwa risasi ni kinyume: asidi huiyeyusha, na ikiyeyuka huingia mwilini kwa urahisi zaidi.

Mwaka huohuo, nyama iliyochangiwa benki za chakula za Minnesota ilipopimwa, takriban robo ya pakiti za nyama ya kusaga zilikutwa na risasi. Katika vipande vizima zilikuwa chache sana. Sababu ni rahisi kuielewa: mashine ya kusaga hupokea vijinyama kutoka kila upande wa mnyama, hata karibu na jeraha, na pengine kutoka kwa wanyama kadhaa. Bahati mbaya, nyama ya kusaga ndiyo tunayopenda kuwapikia watoto kwa kuwa ni laini.

Risasi hudhuru ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mwili wa mtoto huifyonza zaidi kuliko wa mtu mzima, hasa mtoto mwenye upungufu wa chuma. Mjamzito huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Tena baadhi ya watoto waliokuja kama wakimbizi walifika tayari wakiwa na risasi katika damu, hivyo kuwaongezea kidogo ni kuwaongezea juu ya mzigo uliopo.

Basi muulize aliyekupa: ulitumia upinde na mshale, au risasi ya shaba? Kama ndiyo, shida hii haipo. Kama alitumia risasi ya kawaida, au hajui, wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 wasile nyama hiyo. Ndivyo Idara ya Afya ya North Dakota ilivyoshauri mwaka 2008, na kwetu hakuna nafasi ya kulegeza hapo. Watu wazima wakiamua kula, wachague kipande kizima cha paja la nyuma, mbali na jeraha, si ya kusaga. Huhitaji kumkatalia jirani mlangoni. Pokea, shukuru, kisha amua nani atakula.

Nyama ya kulungu inayouzwa dukani ni jambo jingine: hiyo ni ya wanyama wanaofugwa, nyingi ikitoka New Zealand.

Supu ya kichwa na uti wa mgongo

Hapa mazoea yetu yanatofautiana na ya wenyeji. Wao mara nyingi hutupa kichwa na mifupa. Sisi tunaona supu. Kwa kulungu wa Marekani, acha. Kuna ugonjwa wa ubongo unaowadhoofisha kulungu mpaka wafe, na umeenea katika majimbo mengi. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini chembe zinazousababisha hazifi kwa kuchemshwa, na hukaa zaidi kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na tezi. Usipike sehemu hizo. Muulize mwindaji kama mnyama alipimwa. Akisema majibu hayajatoka, iweke nyama kwenye friza usubiri. Ikiwa mnyama alikutwa na ugonjwa, au alionekana amekonda na kuyumba, nyama isiliwe.

Kupika

Iyeyushe barafu ndani ya friji, si juu ya meza usiku kucha. Nyama hii haina mafuta ya kuilinda, ikikaangwa sana inakuwa kama kiatu. Ikate vipande, ikaange kidogo na vitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, ongeza maji na mafuta kijiko kimoja au viwili, funika, uache moto mdogo saa mbili au tatu. Inakubali ugali, inakubali sombe.

Isiwe mbichi katikati. Inaweza kubeba bakteria na kimelea cha toksoplasma, hatari kwa mimba. Kipimajoto cha nyama si ghali: nyama ya kusaga ifike nyuzi 160 za Fahrenheit (71 za Selsiasi). Kipande kizima huruhusiwa nyuzi 145 (63) kikipumzishwa dakika tatu, lakini kwa mjamzito pika mpaka 160 pia. Ukitaka kuikausha au kuipiga moshi kama nyumbani, ipashe kwanza mpaka ifike nyuzi 160 ndipo uikaushe. Moshi peke yake hauui vijidudu vyote.

Kama mtoto ameshakula

Usiogope, na usingoje dalili, kwa sababu mara nyingi hazionekani. Mpigie daktari wa mtoto uombe kipimo cha risasi katika damu, na umweleze ni nyama gani, mara ngapi, na kama ilikuwa ya kusaga. Ukiwa na mimba, ombi hilohilo lifanye kwenye kliniki yako. Ikiwa Kiingereza kinakutatiza, omba mkalimani wa Kiswahili. Kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kukupatia bila malipo, na si lazima mtoto wako mkubwa akutafsirie.