Ndama Anayekonda Katikati ya Majani Mengi

Katika miaka ya 1920 na 1930, wenye mashamba ya ng'ombe karibu na Nakuru walipatwa na jambo la kushangaza. Majani yalikuwa mengi, lakini ng'ombe wao, na hasa walio wachanga, waliacha kula, wakakonda, manyoya yakakosa mng'ao, na wengine wakafa. Walipohamishiwa malisho ya mahali pengine, walipata nafuu. Ugonjwa huo ukapewa jina la mji wenyewe, ukaitwa "Nakuruitis".

Hapo kwanza wataalamu walidhani kwamba udongo ule umepungukiwa na chuma. Ufumbuzi ulitoka mbali. Katika Australia ya Magharibi kulikuwa na ugonjwa wa namna hiyo hiyo, nao ulitibiwa kwa unga wa mawe yenye chuma. Mwaka 1935 E. J. Underwood na J. F. Filmer walikiondoa chuma katika unga huo, kisha wakawapa wanyama kilichobaki. Wanyama wakapona vile vile! Dawa haikuwa chuma, bali ni madini mengine yaliyokuwamo kwa kiasi kidogo mno, yaitwayo kobalti. Baadaye ilijulikana kwamba malisho ya Nakuru nayo yalipungukiwa na madini hayo hayo.

Haja ya ng'ombe ni ndogo ajabu: gramu 1 ya kobalti yatosha kwa tani 10 hivi za majani makavu. Ikikosekana hiyo, tani zote 10 hazimfai sana. Sababu yake ni hii: katika tumbo kubwa la ng'ombe wamo vijidudu wengi wasioonekana kwa macho, ambao huyavunja majani na kuyafanya chakula. Vijidudu hao hutumia kobalti kutengeneza vitamini B12, iliyotambuliwa na wataalamu mwaka 1948. Bila vitamini hiyo, ng'ombe hawezi kuutumia mwilini mwake ule utomvu wa chakula, naye hupoteza hamu ya kula.

Hapa mfugaji na aangalie vema, maana ndama si ng'ombe mdogo tu. Azaliwapo, tumbo lake kubwa halijaanza kazi; maziwa hulipita, yakaenda moja kwa moja katika tumbo la nne. Kwa hiyo kumpa ndama wa juma moja unga wa madini badala ya maziwa ni kupoteza fedha na ndama pia. Nyongeza iliyo bora kuliko zote katika siku yake ya kwanza haiuzwi dukani: ni dang'a ya mama yake. Yampasa aipate katika saa 6 za kwanza, kadiri ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa sababu ndiyo impayo kinga ya magonjwa, na baada ya siku moja tumbo lake haliwezi tena kuipokea kinga hiyo.

Tangu juma la kwanza, awekewe maji safi na chakula kidogo cha nafaka. Chakula hicho ndicho kikuzacho tumbo kubwa. Akiweza kula kilo 1 hivi kwa siku, siku 3 mfululizo, huweza kuachishwa maziwa bila kudhoofika. Hapo ndipo haja ya madini huonekana wazi, kwa kuwa sasa anategemea majani, na majani hayana zaidi ya yaliyomo udongoni. Jiwe la chumvi ya kulamba lenye kobalti, shaba, zinki na fosforasi liwekwe mahali pakavu, mvua isilifikie. Chumvi tupu ya jikoni haina madini hayo yote.

Lakini nyongeza nyingine zina hatari, na mnunuzi lazima asome maandishi ya mfukoni kabla ya kulipa. Mawe mengine ya kulamba yametiwa urea; hayo huweza kumwua ndama ambaye tumbo lake halijakomaa. Madini ya ng'ombe yenye shaba nyingi ni sumu kwa kondoo. Dawa iitwayo monensini, ambayo huzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa ndama, huua farasi na punda hata kwa kiasi kidogo. Basi punda wa shamba asikaribie kihori hicho.

Tena ziko dawa za kuua vijidudu vya maradhi. Tangu miaka ya 1950, wafugaji wa nchi nyingi walizichanganya katika chakula cha ndama wazima ili wakue upesi. Ikaonekana kwamba vijidudu vya maradhi huzizoea dawa hizo, hata siku ya ugonjwa wenyewe zisiponye tena, si mnyama wala mtu. Sweden iliacha desturi hiyo mwaka 1986, na nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2006. Dawa ya namna hiyo ni ya mgonjwa, kwa amri ya daktari wa mifugo.

Mfugaji atajuaje kama fedha yake imefanya kazi? Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ndama apimwe kila mwezi kwa utepe wa kuzungusha kifuani, na kipimo kiandikwe. Mtamba huwa tayari kupandwa kwa uzito wake kuliko kwa umri wake. Aliyedumaa huchelewa kuzaa, naye hula miezi mingi bila kutoa hata kikombe kimoja cha maziwa. Vipimo vikisimama ingawa majani ni tele na minyoo imetibiwa, mwenye shamba amwite afisa wa mifugo, amwonyeshe daftari lake. Huenda kinachokosekana ni kitu kidogo kuliko punje ya chumvi.