Kioo, Kauri na Kigae: Istilahi Mbili za Dhana Moja

Makala haya yanakusudia kupambanua dhana mbili ambazo Kiingereza huzibeba kwa neno moja lililozaliwa na jina la kioo: kazi ya kutia vioo madirishani, na ngozi ng'avu iliyo juu ya vyombo vya udongo.

Kuhusu dirisha, Kiswahili hakina shida. Fundi wa Ukunda hutia kioo katika fremu, akakikaza kwa puti, ili nuru iingie na upepo uzuiwe. Kikivunjika, hutolewa kikatiwa kingine. Kitenzi kutia chatosha.

Ugumu umo katika udongo. Mtungi wa kienyeji hauna ngozi hiyo: maji hupenya vitundu vyake, yakageuka mvuke, na yaliyobaki ndani yakapoa. Bakuli la udongo ling'aalo halipenyeki, kwa kuwa unga wa silika pamoja na viyeyushi vyake umeyeyuka tanurini ukashikamana nalo. Kusema kwamba bakuli hilo "limepakwa rangi" ni kupotosha. Rangi hulala juu tu. Hiki ni kioo hasa, kilichoungana na udongo.

Msamiati wa pwani ulilikabili jambo hili kwa sitiari. Kauri ni simbi ya baharini. Kwa mng'aro wake, jina likahamia vyombo vya Kichina, kama Kiitaliano nacho kilivyofanya katika neno porcellana. Vyombo hivyo si vigeni: James Kirkman alivifukua Gede tangu 1948, na huko Mambrui bakuli za Kichina zilipachikwa katika nguzo ya kaburi. Kigae nacho, kipande cha chungu kilichovunjika, kikawa jina la bamba la kuezekea na la sakafuni. Hata hivyo, kauri na kigae hutaja kitu kizima, si ngozi yake.

Pengo hilo laigusa Kwale yenyewe. Tangu 2013 hadi Desemba 2024, mchanga wake ulichimbwa ili kupata ilmenaiti, rutili na zirkoni. Zirkoni, ikisagwa laini, huifanya ngozi ya vigae iwe nyeupe, isiyopitisha nuru. Hivyo malighafi ilisafirishwa ng'ambo, na mwanafunzi wa Kwale hana istilahi ya kuielezea kazi yake.

Inapendekezwa basi kwamba kutia vioo kubaki kwa madirisha, na utando wa kioo kutumike kwa vyombo na vigae. Utando, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa, hushikamana na kile unachokifunika. Nao utando wa kioo ndivyo ulivyo.