Kuzuia majeraha na mapigano Kilosa na Mikumi

Kuzuia majeraha na mapigano ni tawi la elimu ya afya ya jamii linalochunguza jinsi watu wanavyoumia au kuuawa, iwe kwa ajali au kwa kukusudia, na namna ya kupunguza madhara hayo. Wilaya ya Kilosa, katika mkoa wa Morogoro nchini Tanzania, ina mifano miwili inayojulikana: ajali katika barabara kuu inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na mapigano ya wakulima na wafugaji. Yote miwili imechunguzwa na watafiti wa vyuo vikuu, nayo inaonyesha kwamba mambo ambayo watu huyaita mkosi au hasira mara nyingi yana vyanzo vinavyoweza kuondolewa.

Asili ya elimu hii

Kwa muda mrefu ajali ilihesabiwa kuwa bahati mbaya au uzembe wa mtu mmoja. Mtazamo huo ulibadilika katika karne ya 20. William Haddon, daktari wa Marekani aliyeongoza idara ya usalama wa barabara ya nchi yake kuanzia mwaka 1966, alifundisha kwamba jeraha lichunguzwe kama ugonjwa unavyochunguzwa. Malaria huhitaji mtu, vimelea, mbu na mazingira yanayomlea mbu huyo. Vivyo hivyo jeraha la barabarani huhitaji mtu, chombo, mwendo na mazingira ya barabara.

Haddon aligawa kila ajali katika vipindi vitatu: kabla ya ajali, wakati wa ajali na baada ya ajali. Katika kila kipindi mtafiti hujiuliza ni kitu gani kingeweza kubadilishwa kwa upande wa mtu, wa chombo na wa mazingira. Faida ya mpango huo ni kwamba hauishii kwenye kumlaumu dereva. Hata kama dereva amekosea, mkanda, kofia ngumu, tuta au hospitali iliyo karibu vinaweza kumwokoa yeye na abiria wake.

Kuanzia miaka ya 1980 vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, kikiwemo Johns Hopkins, vilianzisha vituo maalumu vya utafiti wa aina hii. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya dunia kuhusu ukatili na afya mwaka 2002, na nyingine kuhusu majeraha ya barabarani mwaka 2004. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu wapatao milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Nchini Tanzania, watafiti wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wamefuatilia majeruhi wanaofikishwa hospitalini, pamoja na nafasi ya pombe katika majeraha hayo.

Barabara ya Mikumi

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hukatiza ndani yake kwa umbali wa kilomita 50 hivi. Mabasi ya abiria, malori ya mizigo na magari madogo hupita humo usiku na mchana, huku tembo, twiga, nyati, swala na nyani wakivuka barabara hiyohiyo.

Mwaka 1995 Carlos Drews alichapisha utafiti kuhusu wanyama waliouawa na magari katika barabara hiyo, akiwatazama nyani kwa namna ya pekee. Mwaka uliofuata William Newmark na wenzake walichapisha utafiti mwingine kuhusu athari za barabara hiyo kwa wanyama wakubwa. Ingawa tafiti hizo zilihusu wanyama, somo lake linamgusa binadamu pia. Gari dogo likimgonga nyati au twiga, walio ndani wanaweza kufa. Dereva anayekwepa mnyama ghafla anaweza kupinduka au kugongana na gari linalotoka upande wa pili.

Jambo kubwa ni mwendo. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kwa sekunde moja. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kumwona mnyama na kukanyaga breki, gari limekwisha kusogea mita 42 kabla breki hazijaanza kufanya kazi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, umbali huo ni mita 21 tu. Tena, mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye vifo hupanda kwa asilimia 4 hivi.

Kwa sababu hiyo mwendo unaoruhusiwa ndani ya hifadhi umewekewa kikomo, na matuta yamejengwa barabarani. Kuna pia vibao vya kutahadharisha madereva, na faini hutozwa kwa anayegonga mnyama kulingana na aina ya mnyama. Hatua hizo hazina nguvu sawa. Kibao humwomba dereva apunguze mwendo, tuta humlazimisha.

Kipindi cha baada ya ajali nacho kina uzito wake. Katika mji mdogo wa Mikumi iko Hospitali ya Mtakatifu Kizito, lakini majeruhi wa njiani hutegemea kwanza watu wanaowafikia: wapita njia, madereva wa malori na askari. Wakijua kuzuia damu kwa kukandamiza jeraha, na kutomvuta ovyo aliyeumia shingo au mgongo, wanaweza kuokoa maisha kabla mganga hajafika. Kwa waendesha bodaboda, uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mapigano ya Kilosa

Tarehe 8 Desemba 2000 wakulima 38 waliuawa na wapiganaji wa Kimaasai katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa. Tukio hilo liliishtua nchi nzima. Wengi walilieleza kama chuki ya makabila mawili, lakini watafiti walikuta mambo mengi zaidi.

Mwaka 2009 Tor Benjaminsen wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Maisha cha Norwe, Faustin Maganga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Jumanne Abdallah wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walichapisha uchunguzi wao kuhusu mauaji hayo. Walieleza historia ya ardhi ya wilaya. Wenyeji wa Kilosa, kama vile Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ni wakulima. Mashamba ya mkonge yalichukua maeneo makubwa na kuleta vibarua kutoka mikoa mingine. Wafugaji Waparakuyo, ambao ni wa jamii ya Wamaasai, nao wamekuwa na vijiji vyao, kikiwemo Twatwatwa.

Wakati wa kiangazi mifugo huhitaji ardhi oevu yenye maji na majani mabichi. Ardhi hiyohiyo inafaa kwa kilimo. Sehemu ya tambarare ya Mkata imo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo mifugo hairuhusiwi. Hivyo nafasi iliyobaki hugombaniwa, ng'ombe huingia mashambani, na mashamba hufunga njia za mifugo.

Watafiti hao walionyesha pia kwamba sera za taifa hazikuupa ufugaji wa kuhamahama nafasi ya kutosha, na kwamba pande zote mbili zilitumia rushwa kutafuta upendeleo. Matokeo yake watu walipoteza imani kwamba viongozi wangeweza au wangetaka kutatua migogoro. Asiyetegemea haki kutoka ofisini hujichukulia sheria mkononi. Kwa maneno ya Haddon, hicho ndicho kipindi cha kabla ya tukio, na ndicho chenye nafasi kubwa ya kuzuia.

Njia za kuzuia

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, na huruhusu maeneo ya malisho yatumiwe kwa pamoja. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 huweka utaratibu wa kutenga maeneo ya kilimo, malisho, makazi na misitu. Mipango hiyo husaidia ikiwa pande zote zimeshiriki kuitengeneza na mipaka yake inajulikana. Mpaka wenye ubishi, kama ule wa kijiji cha wafugaji cha Mabwegere uliofika mahakamani, unaweza kuendeleza ugomvi kwa miaka mingi.

Kuwaondoa wafugaji kwa nguvu, kama ilivyofanyika Kilosa mwaka 2009, hakuondoi haja ya maji na malisho. Ng'ombe walioondolewa huhitaji kwenda mahali pengine. Hatua zinazogusa chanzo ni kuchimba malambo na kujenga majosho katika maeneo ya malisho, kuacha wazi njia za mifugo, kutathmini haraka na kwa haki mazao yaliyoharibiwa, na kuwa na mabaraza ambamo wakulima na wafugaji wote wana sauti.

Barabara ya Mikumi na mashamba ya Kilosa ni mambo tofauti, lakini njia ya kuyachunguza ni moja: kuhesabu matukio, kutafuta chanzo, kujaribu hatua ya kuzuia, kisha kuhesabu tena ili kujua kama vifo vimepungua.